Uhamisho wa P

Niseme mapema ili msinisumbue: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Siyo nusu mjinga. Mzima, tena na helmeti kichwani.

Mke wangu Pelagia alikuwa amebakiza wiki sita afanye mtihani wa kidato cha nne. Shule aliiacha zamani, akabaki kulima mpunga kwao Mpimbwe. Sasa anautaka uuguzi, na chuo hakimpokei bila fizikia. Basi kila Jumamosi anakwenda ukumbi wa parokia, watu wazima wanafundishwa na mwalimu Telesphor. Huyu Telesphor ana shati lililonyooka kama limepigwa rula, na sauti ya redioni. Pelagia akirudi nyumbani ni Telesphor hivi, Telesphor vile.

"Anaeleza kwa Kiswahili kwanza, Kasimiri, mpaka unaelewa."

Miaka tisa namweleza mambo mimi, hajawahi kunisifu.

Jumamosi hiyo kasahau daftari mezani. Nikalifungua. Sikuwa natafuta kitu; wivu ndio uliokuwa unatafuta.

*Uhamisho wa P. P inaondoka Misunkumilo, inachapuka. Inafika Litapunga, kilomita 18. Isirudi! Ikirudi, uhamisho ni sifuri.* Chini yake, wino mwekundu: *Safi sana!*

Sisi tunakaa Misunkumilo. Telesphor kwao Litapunga. Na uhamisho nani asiyeujua? Mwalimu anapata barua, anafunga virago, anaondoka na wake. Huyu kapata barua, anaondoka na wangu! Tena kamsisitiza asirudi.

Abiria aliyekuwa ananisubiri barabarani mpaka leo sijui alifikaje.

Nikaingia ukumbini bila hodi. "Mwalimu, hongera kwa uhamisho!"

"Uhamisho gani, kaka?"

"Wa Litapunga. Wewe na P wako."

Nikawasomea daftari kwa sauti, neno kwa neno. Nilipofika "isirudi", mama mmoja wa mstari wa mbele, Nyanzala, akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

Pelagia akasimama. "Kasimiri, rudia pale. 'Inaondoka.' Mimi ni 'inaondoka'?"

"Si ndicho Kiswahili chetu cha huku, ngeli tunachanganya tu..."

"P ni pikipiki. Pikipiki yako."

Telesphor hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akachora ubaoni mstari wenye mshale.

"Uhamisho huu hauna barua, kaka. Ni umbali ulionyooka kutoka ulipoanzia mpaka ulipo sasa, pamoja na upande ulikoelekea. Ukizunguka Mpanda nzima ukarudi mlangoni kwako, mafuta yameisha ila hujahama. Gawanya uhamisho kwa muda, unapata velositi. Velositi ikibadilika, huo ni mchapuko. Wewe ni bodaboda. Ukivuta mafuta ghafla, abiria anafanyaje?"

Hasira zikanipotea, kifua kikapanuka. "Anarudi nyuma. Akiogopa, ananikumbatia."

"Basi mchapuko unaujua kuliko hawa wote."

Darasa likanipigia makofi. Heri angenitukana, matusi nayaweza. Lakini jamaa kanifundisha dakika tatu na nimeelewa! Sasa huyo mke wangu, anayekaa naye saa tatu nzima kila Jumamosi?

Nikamwita Pelagia nje.

"Beba vitabu vyako, twende. Mtihani utafanya mwakani, kwa mwalimu wa kike."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Yeye kakosa nini?"

"Hajakosa. Ila sauti ile siitaki kwenye masikio ya mke wangu. Chagua: mimi au fizikia."

Pelagia akanipokonya daftari, akalikung'uta vumbi la safari yangu.

"Wewe kutwa nzima wanawake wa mji huu wanakushika kiuno, jioni unarudi nakupa ugali, sijawahi kukuuliza jina la hata mmoja. Mimi nimeshika kalamu. Haya sema, nani kati yetu aache kazi?"