Nusu Kidonge

Kisahani cha maziwa kilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha baba yake, kimefunikwa nusu na pazia, mahali ambapo mtu mwenye dhamiri safi haweki kisahani. Fundi Miwani aliinama akakitazama. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo, na juu yake ulielea unywele mmoja wa kijivu, kama shahidi aliyechelewa kukimbia.

"Baba."

Mzee Timazi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akitazama dirishani kwa bidii ya mtu anayelipwa kutazama. Paka alikuwa mapajani pake, amejikunja, macho kayafumba.

"Baba, hiki ni nini?"

"Kisahani."

"Naona ni kisahani. Ndani yake?"

"Kulikuwa na maziwa," mzee alisema, kisha akaongeza kwa upole, "sasa yamekwisha."

Angekuwa mtu mwingine, Fundi Miwani angecheka. Lakini alikuwa amerudi kutoka dukani na kichwa kinamgonga, na jambo la kwanza lililompokea sebuleni lilikuwa harufu. Alishafuta sakafu mara mbili wiki ile. Paka alikuwa akiharisha, na sababu ya kuharisha ilikuwa kwenye kisahani.

Jina la Fundi Miwani lilitokana na kazi yake. Alikuwa na duka dogo ambamo alichonga lenzi na kuzipachika kwenye fremu, na sifa yake ilikuwa kwamba jicho lake halikosei. Fremu iliyopinda upana wa uzi aliiona kutoka mlangoni. Uangalifu huo aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa mwashi kwa muda mrefu wa maisha yake na ambaye kuta zake zilinyooka hata mafundi wenzake wakambatiza jina la kile kipande cha chuma cha kupimia wima. Watu wawili wa namna hiyo wakikaa nyumba moja, kila mmoja huona upindo wa mwenzake.

Mama alipofariki, mzee alihamia kwa bintiye akiwa na sanduku moja na paka. Paka huyo aliitwa Mpangaji. Marehemu ndiye aliyempa jina, kwa maelezo kwamba alikuja siku moja bila mzigo wala salamu, akakagua vyumba vyote, akachagua kile chenye jua, na kodi hajalipa mpaka leo.

"Daktari alisemaje, Baba? Tulipompeleka kuchanjwa, alisemaje?"

"Alisema mengi. Yule binti anapenda kusema."

"Alisema paka mkubwa hahitaji maziwa. Tumbo lake haliyawezi. Alisema maji safi, basi. Alisema usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika ncha ncha inamchoma utumbo. Na juzi nimeikuta wapi? Chini ya mto wako!"

"Mama yako alimpa maziwa maisha yake yote."

Hapo ndipo kila mazungumzo yao yalipokuwa yakigonga ukuta. Mama yako alimpa. Mama yako alifanya hivi. Ungebishana na mtu aliye hai. Na aliyelala kaburini utambishia vipi? Fundi Miwani aliokota kisahani, akakiosha kwa nguvu hata ukingo wake ukabanduka kipande. Alijua maneno yake yalikuwa ya haki. Alikuwa ameuliza, akaambiwa, akayashika. Sanduku la mchanga alilisafisha kila asubuhi, kwa sababu daktari alimwambia paka ana staha kuliko binadamu wengi na choo kichafu atakikimbia. Bakuli la maji aliliweka mbali na la chakula. Dawa ya minyoo alimpa kwa wakati, akalipwa mikwaruzo. Na nyuma yake, mzee na paka walikuwa wakila njama kama wanafunzi wa bweni.

"Nikwambie mara ngapi?" alisema kutoka jikoni. "Ni kumpigia mbuzi gitaa! Sikio la kufa halisikii dawa!"

Neno lilikwisha kutoka ndipo alipolisikia. Alisimama na sponji mkononi, povu likimtiririka mpaka kiwikoni. Alingoja baba yake ajibu, amkaripie, amwambie amekosa adabu. Mzee hakujibu. Na tangu siku ile jibu lake kwa kila swali likawa neno moja. Umempa kitu? Hapana. Umekula? Nimekula. Unaumwa? Sijambo. Nyumba ikatulia, na Fundi Miwani, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiutaka utulivu huo, akaona haumnogei hata kidogo.

Siku ya tukio, Mpangaji aliamka anachechemea. Alikuwa ametoka nje jioni iliyopita, na kwa dalili zote alirudi ameshindwa ugomvi: mguu wa mbele umevimba, na kwenye uvimbe kuna kitundu kidogo cha jino. Fundi Miwani alimwona alipokuwa anataka kufunga mlango aende kazini. Dukani kulikuwa na mteja aliyesafiri kutoka mbali kuja kuchukua miwani yake.

"Nitampeleka mchana," alimwambia baba yake. "Usimpe kitu. Usimpake kitu. Mwache tu apumzike. Umenisikia, Baba?"

"Nimesikia."

"Kweli umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mchana aliporudi, Mpangaji hakuwa kwenye jua lake. Alimkuta chini ya kitanda, amejibana ukutani. Alipomvuta nje, mikono ilimwambia kabla ya macho: mwili ulikuwa umelegea kama nguo mbichi. Uso umevimba, hata macho yamekuwa mistari. Mate yanamchuruzika. Alihema upesi, kifua kikipanda na kushuka bila kushiba hewa. Alimfunua mdomo. Ufizi, ambao daktari alimfundisha kuutazama na ambao siku zote ulikuwa wa rangi ya waridi, ulikuwa na rangi ya tope.

Mguu uliong'atwa hauleti haya. Alilijua hilo bila kuambiwa.

"Umempa nini?"

Mzee Timazi alikuwa amesimama mlangoni, ameushika mwimo kwa mkono mmoja.

"Baba! Umempa nini?"

"Hapana," mzee alisema, na lilikuwa jibu lisilolingana na swali.

Alimtia paka kwenye kikapu cha nguo, akamfunika taulo, akatoka. Baba yake alimfuata bila kualikwa, akatembea nyuma yake mpaka barabarani, akaingia kwenye gari la kukodi upande wa pili. Njia nzima kikapu kilikuwa kati yao, na kutoka ndani yake ilisikika pumzi fupifupi, kama mtu anayepiga msasa kibao kidogo.

Daktari wa mifugo hakuwa na muda wa salamu. Alimweka Mpangaji mezani, akamtazama ufizi, akasikiliza kifua, akamfunika pua na mdomo kwa kikombe chenye mrija wa hewa. Kisha akainua uso.

"Amekula nini? Kuna kitu kimeingia mwilini mwake. Sumu ya panya? Dawa ya wadudu? Dawa ya binadamu? Nahitaji kujua, kwa sababu tiba zake hazifanani, na nikikosea nitammaliza mimi mwenyewe."

"Mimi sikuwepo," alisema Fundi Miwani. "Muulize yeye."

"Mzee wangu, alikula nini?"

Mzee Timazi alitazama sakafu. "Chakula chake."

"Zaidi ya chakula?"

Mzee aliufunika mfuko wa shati kwa kiganja.

"Si unaona!" Fundi Miwani alipaza sauti, na yote aliyoyafuta pamoja na sakafu yakapanda kooni. "Ndivyo alivyo, daktari! Ukimwambia hili anafanya lile, ukimuuliza anageuka jiwe! Nimemkataza maziwa, kampa. Nimemkataza mifupa, kampa. Leo nimesema usimpe kitu, kitu chochote, mtoto mdogo angeelewa..."

"Dada," daktari alisema. Hakupaza sauti. "Ukisema wewe, yeye hasemi. Na mimi namhitaji aseme."

Fundi Miwani alifunga mdomo. Hasira ilikuwa bado inamchemka, haikujua pa kwenda. Alimgeukia baba yake kwa nia ya kumkazia macho, na hapo akaona jambo ambalo, kwa mtu wa kazi yake, ilikuwa aibu kuchelewa kuliona. Mzee alikuwa akimwangalia yeye. Kila daktari alipouliza, macho ya mzee yalikwenda kwanza kwa bintiye, yakapima hali ya hewa, ndipo yakarudi sakafuni. Mwanamume aliyepanda majukwaa ya ghorofa bila kamba, aliyewahi kumfukuza msimamizi wa ujenzi kwa sababu ya ukuta mmoja uliolala, alikuwa akimwogopa. Alikuwa akimwogopa yeye, binti aliyebebwa na mzee huyo mabegani akiwa hajui hata kutamka neno tofali.

Alivuta kiti, akaketi kando yake. Sauti iliyomtoka mwanzoni haikuwa tayari. Alikohoa, akaanza upya.

"Baba, asubuhi alikuwa anachechemea. Nilimwona. Nikafunga mlango nikaenda zangu kazini. Ukabaki naye wewe. Alikuwa analia?"

"Alikuwa analia, mama. Akienda kwenye maji analia, akirudi analia. Akanijia. Akaweka ule mguu hapa." Aligusa goti lake. "Sasa mimi nifanyeje? Nimtazame?"

"Ukafanyaje?"

Mzee alitia mkono kwenye mfuko wa shati. Alitoa karatasi ya vidonge vya kutuliza maumivu, vile vyeupe vinavyouzwa kila duka, akaiweka juu ya meza karibu na mkia wa Mpangaji.

"Nusu tu," alisema. "Nilikata kwa kisu. Nikasaga kwenye samaki. Nusu tu, daktari. Yeye ni mdogo, nikasema kizima kitamzidi."

Daktari alikuwa ameshaigeuza karatasi, ameshaisoma, ameshafungua kabati. "Kwetu ni dawa, kwa paka ni sumu," alisema huku akivuta sindano. "Hata robo. Ini lake halina uwezo wa kuivunja, na damu inashindwa kubeba hewa. Lakini umenisaidia, mzee. Ipo dawa ya kuipinga, na sasa najua niitumie. Alikula saa ngapi?"

"Baada ya huyu kuondoka. Adhuhuri ilikuwa bado."

"Basi tupambane."

Hakusema atapona. Fundi Miwani alingoja aseme, akaangalia mgongo wake, akaangalia matone yakianza kushuka kwenye mrija, na daktari hakusema. Waliambiwa waende nyumbani, Mpangaji angebaki.

Jioni ile ilikuwa ndefu. Hakukuwa na wa kumfuatilia wala wa kumkataza. Fundi Miwani aligundua kwamba sehemu kubwa ya maneno waliyokuwa wakisemezana, yeye na baba yake, ilipitia kwa paka. Sasa hayupo, wakawa kama watu wa pande mbili za mto ambao mtumbwi umechukuliwa. Alipika. Walikula. Mzee aliosha sahani yake mwenyewe, akaiweka taratibu mno ili isitoe sauti, na utaratibu ule ulimuumiza bintiye kuliko kelele yoyote. Alitaka kumwambia, Baba, gonga sahani. Vunja hata hiyo.

Asubuhi simu ililia akiwa anavaa viatu.

"Ametoka kwenye hatari ya kwanza," daktari alisema. "Ufizi unaanza kurudi rangi. Bado dhaifu, na ini nitalipima tena. Lakini ameanza kujilamba, na paka akikumbuka usafi wake, mimi hupata matumaini."

Fundi Miwani alivua kiatu alichokwisha kukivaa. Alikwenda chumbani kwa baba yake na kumweleza neno kwa neno, hata lile la kujilamba. Mzee alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa vilivyoliwa na saruji, akakaa hivyo kitambo, kisha akavishusha.

"Mama yako angeniua," alisema.

"Angetuua wote wawili."

Walicheka, kicheko kifupi kisichozoea njia. Fundi Miwani aliketi kitandani, mahali pa paka. Duka lingefunguliwa baadaye. Akawa anaitazama ile karatasi ya vidonge, ambayo daktari aliwarudishia na ambayo sasa ilikuwa juu ya sanduku. Na jicho lake, jicho lile lisilokosea, likaona vitundu vilivyo wazi. Karatasi nzima ilikuwa tupu, ila kidonge kimoja na ile nusu iliyobaki.

"Baba. Mpangaji alikula nusu. Hivi vingine vilikuwa vya nani?"

Mzee alitazama dirishani.

Aliisikia ile hasira ikiinuka tena, mbichi kabisa, na maneno yakijipanga nyuma ya meno yake: mara ngapi nimekuuliza, kila siku nakuuliza, unaumwa, sijambo, unaumwa, sijambo. Aliyashikilia hapo hapo. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, akaishia mbali.

"Utanigombeza," mzee alisema hatimaye.

"Nitakugombeza," alikubali. "Lakini si leo."

Mzee alimtazama usoni kwa muda, kama unavyotazamwa ukuta kabla ya kuegemewa. Kisha akainama polepole, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto. Kiatu kilitoka kwa shida. Soksi ilikuwa imegandamana na kitu kwenye kisigino, na harufu iliyopanda haikuwa ya jasho.

Fundi Miwani alinyanyuka akaenda kuchemsha maji. Aliyachanganya na ya baridi, akayaonja joto kwa kiwiko, akarudi na beseni na kitambaa safi. Alipiga magoti sakafuni, akaupokea mguu wa baba yake kwa mikono miwili, akaiacha soksi ilowe.

"Polepole, mama," mzee alisema.

"Polepole, Baba. Nambie pakiuma."

"Hapo," mzee alisema. "Hapo panauma."