Sahani ya Saa Nane na Dakika Kumi

Jumapili, saa nane na dakika kumi mchana, Clément aliketi mezani kwa Victorine akiwa ameshika saa mkononi, na sahani ya enameli ikaanza kuzunguka. Victorine alikuwa ameshaondoa samaki wa Kasenga, kwa sababu siku za mwanzo vipande vilirukia ukutani. Ukingoni mwa sahani palikuwa na doa jeusi, mahali enameli ilipobanduka. Kwa kasi ile jicho lililifuata doa kwa shida.

Baada ya sekunde arobaini sahani ililia mara moja, kama kengele. Ikaendelea kuzunguka, kila mara polepole zaidi, mpaka ikasimama. Clément aliandika: arobaini, mia moja na sitini.

Victorine akaifuta sahani, akarudisha samaki, akamkaribisha mgeni chakula.

Ilikuwa hivyo kila siku tangu Alexis, mume wa Victorine, azikwe wiki tatu nyuma. Katika kambi ya wafanyakazi pale Élisabethville hakuna aliyelizungumza sana jambo hilo. Jirani mmoja alimshauri atumie sahani ya mbao.

Kilichomnyima Victorine usingizi ni barua ya kampuni ya tarehe 4 Mei 1953. Alexis alikuwa mtia grisi karakanani. Kila siku saa nane na dakika kumi mashine ya kusukuma hewa ilizimwa ili volan, yaani gurudumu lake zito la chuma, litiwe grisi. Volan ilikuwa ndani ya kasha la bati, na kwa kelele za mashine jirani hakuna aliyeweza kuiona wala kuisikia ikizunguka. Ndiyo maana kulikuwa na kengele. Msimamizi Mzungu alitakiwa asubiri mpaka gurudumu lisimame kabisa, ndipo agonge, na mtia grisi apitishe mkono kwenye tundu la kasha. Ripoti ya ajali iliyomuua, iliyonukuliwa katika barua, ilisema Alexis alipitisha mkono kabla ya kengele. Kwa kanuni za kampuni, mjane wa aliyekufa kwa ajali aliachiwa nyumba mpaka watoto wamalize shule. Mjane wa mzembe aliondoka mwisho wa mwezi. Binti wa Victorine, Régine, alikuwa darasa la tatu.

Clément alikuwa Mkasai, karani wa vipimo katika karakana hiyohiyo. Hesabu alifundishwa na Mapadre, na aliziamini kuliko watu. Akaigeuza barua na kuandika nyuma yake.

"Mama Régine, angalia. Sahani inafuata volan ya siku ile. Volan inaanza na mizunguko mine kwa seconde moja. Iko imeandikwa kwenye mashine yenyewe. Inasimama nyuma ya seconde mia moja makumi sita. Kila seconde inapoteza kipimo kilekile, robo ya sehemu ya kumi ya muzunguko. Kwa seconde makumi ine inapoteza muzunguko moja. Inabakia ngapi?"

"Tatu."

"Tatu kwa seconde, wakati kengele inalia. Kutoka tatu kufika zéro, katikati ni moja na nusu. Mara seconde mia moja makumi mbili." Akapiga mstari chini ya jibu. "Nyuma ya kengele volan ilibakisha mizunguko mia moja makumi nane."

"Mia moja makumi nane," Victorine alisema. "Minajua. Niko nahesabu kila siku."

"Bila calcul?"

"Calcul ya nini? Niko na macho. Weye ulisomea ile miaka ngapi, Tata Clément?"

"Mine."

"Pole," alisema Victorine, akamwongezea samaki.

Clément alirudia hesabu mara mbili. Haikubadilika. Alexis alikuwa amesubiri kengele. Msimamizi ndiye hakusubiri gurudumu, kwa kuwa dakika mbili kila siku ni kazi nyingi kwa mwaka.

Jumatatu aliipeleka karatasi ofisini. Bwana aliyeshughulikia wafanyakazi aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kuhusu hesabu aliuliza mara moja tu, juu ya alama ya desimali. Kuhusu sahani hakushangaa.

"Ile sahani ni mali ya kampuni?"

"Hapana, Bwana. Aliinunua mwenyewe sokoni."

"Basi haikukuwa kazini." Akageuza karatasi upande wa barua, kisha upande wa hesabu. "Rapport iko na signature tatu. Sahani iko na ngapi?"

"Hata moja, Bwana."

"Voilà. Lakini calcul iko muzuri. Tutaitumia kwa cours ya samedi. Ondosha jina ya ule muntu alikufa."

Akaandika *Très bien*, vizuri sana, pembeni. Clément hakuwa ameandikiwa hivyo tangu atoke shuleni. Alifurahi kwa muda wa kushuka ngazi saba za ofisi, na jambo hilo hakumwambia mtu yeyote maishani mwake.

Mwisho wa mwezi alimsaidia Victorine kubeba godoro mpaka stesheni. Treni ya kaskazini ilikuwa imejaa. Régine alipitishwa dirishani.

"Balisema nini kule ofisini?" Victorine aliuliza.

"Balisema calcul iko juste, haina kosa."

Victorine alimtazama kidogo. "Basi iko juste," alisema, akapanda.

Mzunguko haukumfuata. Ulibaki nyumbani, kwenye sahani za Kabwe, aliyepewa nyumba ile pamoja na kazi ya kutia grisi. Mkewe Chola alijifunza kupakua chakula saa nane na robo.

Jumamosi iliyofuata, katika somo la kampuni, Clément aliandika swali ubaoni mbele ya wafanyakazi kumi na wanne. Gurudumu linazunguka mara nne kwa sekunde. Linapunguza kasi sawasawa na kusimama baada ya sekunde mia moja na sitini. Tafuta limezunguka mara ngapi katika sekunde arobaini za kwanza.

Kabwe, aliyeketi benchi la mbele, aliinua mkono.

"Monsieur Clément, juu ya nini makumi ine? Kuko nini pale?"

Clément alikuwa amempa mgongo, akifuta vumbi la chaki kwenye vidole.

"Iko donnée, Kabwe, namba banakupatia. Donnée habaiulizake. Andika."

Kabwe akaandika. Alikokotoa polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akapata mizunguko mia moja na arobaini. Clément akampa kumi juu ya kumi.