Baba Asiambiwe

Daktari wa Kilosa alisema mambo mawili. Mapigo ya moyo wa baba hayaendi sawa, kwa hiyo ameze dawa kila siku. Na hofu ipungue, maana hofu nayo huuchokoza moyo. Mama aliposikia hilo la pili hakusubiri maelezo. Tulipofika tu nyumbani Masanze akapitisha sheria: Baba asiambiwe kitu.

Jirani akafariki, tukazika kimyakimya. Baba akaambiwa amesafiri. Kuku wakaibwa, akaambiwa wanaatamia. Kila alipoingia sebuleni watu wazima walinyamaza ghafla, halafu shangazi Magreti, ambaye kudanganya hakuwezi, akaanza kusifia pazia. Pazia lenyewe limetoboka!

Mtu mwenye akili zake angefikiri nini? Baba yangu Lazaro, mkulima asiyejua kukaa bure, akawa anashinda kitini, vidole kwenye kifundo cha mkono, akihesabu mapigo. Siku moja akaniita pembeni.

"Vaileth mwanangu, daktari amewaambia nimebakiza muda gani?"

Nikamwambia daktari hakusema lolote la namna hiyo. Hakuniamini. Nilimhurumia mpaka nikapandwa na hasira.

Aliyeivunja sheria ni Shimba, mfugaji wa ng'ambo ya mto. Alikuja asubuhi, kofia mkononi. Mama akamkimbilia uani akimwonyesha kwa vidole afunge mdomo. Shimba si mtu wa ishara. Akampita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ng'ombe wangu waliingia shambani kwako wiki iliyopita. Mahindi ya upande wa chini wameyamaliza. Nilikuja kusema, mama akanifukuza. Leo nimeona nikufuate mwenyewe."

Mama akakaa chini, pwaa, pale pale uani. Mimi nikakimbilia vidonge.

Baba akamtazama Shimba, kisha akatutazama sisi.

"Mahindi?" akauliza. "Mlichokuwa mnanificha ni mahindi?"

Akainuka. Sikuwa nimemwona akiinuka hivyo tangu Pasaka. Alimporomoshea Shimba maneno kuanzia mlangoni hadi shambani, naye Shimba akayapokea yote kwa adabu: "Ndiyo mzee. Kweli mzee." Waliporudi walikuwa wamekubaliana kwamba Shimba atalilima upya shamba kwa maksai wake. Baba akala ugali, akaongeza, akaomba na mboga.

"Devota," akamwambia mama, "mwenzio nilijua mnanichongea jeneza."

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Unadhani mimi nilikuwa nalala?" akasema, na machozi yakamtoka. "Ukigeuka kitandani nasikiliza kama unapumua. Naogopa, baba Vaileth. Naogopa sana, na sina wa kumwambia, maana watu wote nimeshawakataza kusema."

Baba akasukuma sahani kando, akamsogezea kiti.

"Haya," akasema, "niambie mimi."