Kaimu Haketi

Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro dakika kumi, Ezbon Lagu alivua koti lake, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akakipangusa kiti kwa kitambaa cha manjano, kisha akakipa kisogo na kujaribu kukaa. Magoti hayakukunjika. Alijaribu mara moja tu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua kuwa haina mtu. Halafu alisogea upande wa kulia wa meza, akasimama, akaanza kuita majina.

Alikuwa amesimama hivyo kwa miaka mitatu na miezi miwili, tangu asubuhi alipopokea barua ya kumkaimisha ukuu wa dawati la pasi na ukaazi katika Idara ya Kuingia na Kutoka, kwenye jengo la ghorofa mbili lililoko Hai Mauna, mjini Juba. Kulala alilala, maana kulala hakuhitaji magoti, ila mkewe alimlaza kama ubao na kumwinua kama ngazi. Kanisani, wenzake walipopiga magoti, yeye alibaki wima katikati yao, na mchungaji alikwisha kuzoea kutazama pembeni mwa kichwa chake. Daktari alimpima siku moja, akamgonga kwa kinyundo, akaandika katika cheti: magoti hayana kasoro, mgonjwa ni kaimu.

Namukasa, Mganda aliyeuza chai ukumbini, alimwekea kikombe juu ya rundo la majalada ili asilazimike kuinama.

"Mzee Ezbon, chai iko hapa. Wewe nasimama tu kama mlingoti ya simu."

"Asante, Namukasa. Na yule kuku?"

"Kuku yenye nilisema nitachinja siku wewe utakaa? Sasa iko bibi. Iko na wajukuu. Mimi siwezi chinja bibi ya watu."

Watu wa foleni walicheka, naye Ezbon akacheka pamoja nao, kwa kuwa kicheko hakikukatazwa.

Barua ilikuwa fupi. Ilimkasimia mambo manne: kupokea, kusajili, kushikilia na kukataa. Kuachia hakukutajwa. Kwa hiyo pasi iliyoletwa ili mwenyewe aongezewe muda wa ukaazi ilipokewa, ikasajiliwa, ikashikiliwa. Na ukaazi ulipoisha pasi ikiwa bado kabatini, mwenyewe alihesabiwa kuwa anaishi nchini bila kibali, na ombi lake likakataliwa. Kabati la chuma nyuma ya Ezbon lilikuwa na pasi mia tatu na kumi na moja. Alizifuta vumbi kila Ijumaa. Alizijua nyuso zote zilizokuwa ndani yake, na baadhi yake, kadiri miaka ilivyokwenda, alizikuta zimeota mvi.

Jumatano hiyo, jina la tisa lilikuwa la Falhado. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Garissa, mwenye duka la vitambaa Hai Amarat, na pasi yake ilikuwa kabatini kwa mwezi wa nne.

"Janabu," alisema, kwa lile neno ambalo watu wa Juba humwitia afisa, "leo sikuji kwa kibali. Kibali kaa nacho. Mama yangu yuko kitandani Eastleigh, Nairobi, na wameshaacha kumpa dawa. Ndege ni kesho saa nne. Nipe pasi yangu tu."

"Pasi ni yako, mama. Hata picha ni yako. Mimi naishika tu."

"Basi wacha kuishika."

"Kuwacha ndiko sina."

"Huna nini?"

"Sina ruhusa ya kuwacha. Niko na ya kushika."

Falhado aliyatazama magoti ya Ezbon. Hakushangaa. Alikuwa ameishi Juba miaka tisa na makaimu alikwisha kuwaona.

"Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kule Garissa alituchapa kwa hilo neno," alisema. "Kaimu, kwa Kiarabu, ni mwenye kusimama. Kwa hivyo wewe si mgonjwa. Wewe unatii lugha."

"Daktari pia alisema hivyo, lakini kwa Kizungu."

"Lakini alitufundisha na lingine. Wakili, akifa aliyemweka, uwakili wake umekufa hapo hapo. Hana tena la kushika wala la kukataza. Huyo aliyekuweka wewe yuko hai?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana kila asubuhi najaribu kiti. Siku nitakayokaa, nitajua."

Simu ya Falhado ikalia. Alikuwa ndugu yake, Salat, akipiga kutoka chumba cha mgonjwa, na sauti yake ilisikika hadi kwa waliosimama nyuma. Alisema mama anauliza kama ndege imetua. Alisema wametaka kumgeuza alalie ubavu mwingine, amekataa, kwa sababu ubavu ule unautazama ukuta, naye anataka kuutazama mlango.

Ezbon alifunga daftari. "Twende juu," alisema.

Ngazi alizipanda kwa kujirusha, mguu mmoja baada ya mwingine, kama bikari ya kuchorea duara. Ghorofa ya kwanza walimkuta Semei, ambaye sahihi yake ndiyo iliyokuwa kwenye barua ya Ezbon. Semei alikuwa amesimama dirishani, vifundo vya miguu vimefungwa bendeji, akila mkate wake wa asubuhi juu ya kabati. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalilowa, maana naye alikuwa amefiwa na mama.

"Malesh, pole, mama," alisema. "Ningekuwa nayo ningempa Ezbon siku ile ile. Mtu hatoi asichopewa." Kisha akawaonyesha barua yake mwenyewe. Ilikuwa na mambo yale yale manne.

Ghorofa ya pili, Nyuon, mzee wa nywele nyeupe aliyekaimu idara nzima, alikuwa amesimama kando ya kiti kikubwa cha ngozi. Kiti kilikuwa bado kimevikwa nailoni ya dukani. Nailoni hiyo haikuwa na kunyanzi hata moja.

"Mwenyewe wa kiti hiki ni nani?" Falhado aliuliza.

"Mimi nilikasimiwa na kaimu," Nyuon akajibu, "naye alikasimiwa na kaimu. Alistaafu amesimama. Barua ya kwanza kabisa ninayo." Akaitoa kutoka katika bahasha iliyolainika kwa kushikwashikwa, akaisoma: kupokea, kusajili, kushikilia, kukataa, kuachia kutamsubiri mwenyewe, atakapoteuliwa.

"Na hajateuliwa."

"Bado."

"Kwa hivyo hawezi kufa."

"Ambaye hajakuwepo anakufaje, binti yangu?" alisema Nyuon kwa upole. "Sisi pia tumeliwaza hilo. Wewe njoo bukra, njoo kesho. Pengine bukra litakuwepo jina."

Waliteremka. Katika ngazi ya mwisho Ezbon alisimama, ingawa kusimama kwake hakukuonekana tofauti na kutembea kwake, akasema: "Kesho saa mbili nitakuwa uwanja wa ndege. Nitakuja nayo."

Hakuna aliyemtuma. Maishani mwake hakuwahi kufanya jambo ambalo halikuandikwa, na usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu kwake kuliko wa miaka mitatu. Alhamisi alfajiri alifungua kabati, akaitoa pasi ya buluu ya Falhado, akaitia kiganjani mwa mkono wa kulia, akafunga vidole. Hapo ndipo vidole vilipokaza.

Alipofika uwanjani, Falhado alikuwa amesimama langoni na begi dogo na kanga mbili alizomchukulia mama. Ezbon alinyoosha mkono. Falhado alivuta pasi, haikutoka. Akavuta tena.

"Janabu, si wakati wa mchezo."

"Sichezi, mama. Nimeamua kuachia. Mimi nimeamua. Mkono ndio haukupata barua."

Walijaribu sabuni ya msalani. Walijaribu mafuta ya kupikia ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi nje ya uzio. Dereva wa boda boda, mtu mwenye nguvu, alimfungua Ezbon kidole kimoja kimoja, na kila alipofika cha tano, cha kwanza kilikuwa kimerudi mahali pake. Jalada la pasi likaanza kuchanika pembeni.

"Iacheni," alisema Yien, kaimu wa lango la kuondokea, aliyekuwa akiwatazama akiwa amesimama nyuma ya kioo chake. "Iliyochanika haisafiri." Hakusema kwa ubaya. "Mwenye pasi na anipe kwa mkono wake."

Falhado aliweka mkono wake juu ya mkono wa Ezbon, akaiinua mikono yote miwili mpaka kwenye kioo. "Huu hapa mkono wangu. Uko juu yake."

"Ni lazima nigonge muhuri ndani, mama. Ndani hapafunguki."

"Basi nitaondoka naye," alisema Ezbon. "Nitamfikisha mpaka mlangoni kwa mama yake, kisha nirudi. Nitasimama ndani ya ndege."

"Pasi yako iko wapi?"

"Kabatini," Ezbon alisema. Alikuwa ameipeleka mwenyewe kuongezewa muda mwaka juzi, akaipokea, akaisajili, akaishikilia.

Ndege iliondoka saa nne na dakika tano. Ilipita juu ya mabati ya Juba, ikageuza ubawa upande wa kusini, na sauti yake ikachukua muda mrefu kwisha.

Falhado hakurudi dukani. Aliketi kwenye benchi la saruji nje ya ukumbi, begi mapajani, naye Ezbon akasimama kando yake ili jua limpate yeye. Walizungumza kidogo. Falhado alisema kuwa mama yake alikuwa mtu wa kufunga milango. Nyumba nzima ikilala, yeye ndiye aliyezunguka na komeo. Ni ajabu, alisema, mtu kama huyo kuomba mlango uachwe wazi.

Saa saba kamili kwa saa iliyotundikwa kwenye ukuta wa ukumbi, Salat akapiga. Safari hii sauti yake haikufika kwa mtu wa pili. Falhado alisikiliza, akasema innalillahi, akaiweka simu juu ya begi, skrini ikielekea chini.

"Saa ngapi?" Ezbon aliuliza, kwa sababu hakupata la kuuliza jingine.

"Saa nane. Saa nane juu ya alama." Aliinua macho akaitazama saa ya ukutani. Nairobi huitangulia Juba kwa saa moja, na saa ya Juba ilikuwa ingali saba. "Hapa bado, janabu. Kwa saa ya hapa, mama bado hajafa."

Kwa hiyo walimngojea. Kwa muda wa dakika sitini mama yake Falhado alikuwa hai mjini Juba, naye bintiye hakuyaondoa macho yake ukutani, wala hakulia, kwa kuwa aliye hai haliliwi. Alizungumza naye. Alimwambia kanga amezichukua, ile ya kijani na ile ya zambarau, na kwamba ndege ilikuwa imejaa, na kwamba asigeuzwe. Ezbon alihesabu. Kama ndege ile ingembeba, sasa angekuwa ameshuka, angekuwa ndani ya teksi, angekuwa amefika na kuukamata mkono wa mama yake, na ungebaki muda wa kutosha kunywa chai moja isiyo na haraka. Mshale mrefu ulipopanda juu ya kumi na mbili, na saa ya Juba ikawa nane, Falhado alifunika uso kwa mtandio, na kilio alichokizuia kwa saa nzima kikatoka chote kwa mara moja.

Salat alituma ujumbe kwamba maiti ingeswaliwa baada ya Alasiri, saa kumi ya kule. Ilipofika saa tisa ya hapa, Falhado alitawadha kwa maji ya chupa, akaelekea kaskazini mashariki, akanuia kumswalia aliye mbali. Ezbon alimuuliza kama ni vibaya yeye kuwa nyuma yake. Akamjibu kwamba kusimama hakumdhuru maiti.

Swala hiyo haina rukuu wala sijida. Mwenye kuiswali huleta takbira nne, akaomba na kutoa salamu, na tangu mwanzo hadi mwisho hakunji goti. Kwa miaka mitatu na miezi miwili Ezbon hakuwa ameikuta ibada ambayo miguu yake ilifaa. Alisimama nyuma ya mama yule ambaye yeye ndiye aliyemkosesha safari, mkono wa kulia umefumbata pasi kifuani, akalia kama anayemzika mama yake. Wapita njia walivuta mizigo yao kwa kuwazunguka.

Ijumaa, saa mbili kasoro dakika kumi, alivua koti lake kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kiti. Alizifuta vumbi pasi mia tatu na kumi. Katika daftari, mbele ya jina la Falhado, aliandika kwa mkono usiozoea kuandika: imeshikiliwa. Semei alipopita na kuuona mkono ule alitikisa kichwa, akasema wa ghorofa ya pili aliyekuwapo kabla ya Nyuon alikuwa na mikono yote miwili iliyokaza hivyo.

Falhado alikuja. Alikuwa wa kumi na nne katika foleni. Safari hakuwa nayo tena, na kibali hakukitaja.

"Nimekuja kuiona," alisema.

Ezbon alinyoosha mkono juu ya meza. Falhado akaushika kwa mikono yake miwili, palepale ambapo pembe ya buluu ilichomoza kati ya kidole gumba na cha shahada, akaushika hivyo kwa muda, akiwa ameinamisha kichwa. Watu wa foleni walingoja. Kisha Ezbon akaita jina la kumi na tano, naye Falhado akauachia, kwa kuwa yeye hakuwa na barua.