Salamu za Mbula

Pazia lilikuwa na tundu, na Mbula alikuwa amebandika jicho hapo tangu harufu ya pilau ilipoanza kuwaita majirani. Upande wa pili, katika chumba cha shangazi yake Kavindu pale mtaa wa mabanda wa Lindi, watu walikuwa wamebanana vitini na kitandani, wote katika nguo za kanisani, wamekuja kumuaga binamu yake Kamene, aliyekuwa akienda Uarabuni kufanya kazi hotelini. Kamene mwenyewe alicheka ovyo, kila mara akizigusa nywele zake mpya.

Mbula naye aliagwa hivyo hivyo. Lindi ilimchangia, ikamwombea, ikampigia vigelegele. Hoteli hakuiona. Alifungiwa nyumbani mwa watu, akanyang'anywa pasipoti, akatumikishwa bila ujira mpaka maafisa wa ubalozi walipomtoa. Serikali ikamrudisha, ikampa makao ya siri na mama mmoja mpole wa kumsikiliza, kisha ikamlipia mafunzo ya ususi. Sasa alisuka watu mtaani Riruta Satellite, na vidole vyake vilisifiwa hadi Kawangware sokoni. Lakini Lindi hakukanyaga. Angewatazamaje waliomchangia, naye karudi mikono mitupu? Aibu haina adabu: humwacha mwizi akitamba, ikamwandama aliyeibiwa.

Aliyemleta leo ni Filister, afisa wa polisi wa kitengo cha kupambana na ulanguzi wa watu, aliyekuwa akimwinda Boaz, wakala aliyempeleka Mbula.

"Boaz anabadilisha laini ya simu na ofisi kila saa," Filister alikuwa amemwambia, "lakini sherehe ya kuaga haikosi. Hapo ndipo anapata msichana wa kesho. Shida ni moja tu. Tukimshika, hakuna mtu husimama kusema ni yeye."

Mbula alikubali kwa sharti kwamba asionekane. Angechungulia, angebonyeza simu, na wale wageni wawili waliokaa karibu na mlango, ambao hakuna aliyewauliza ni jamaa wa nani, wangefanya kazi yao. Shangazi Kavindu peke yake ndiye aliyeijua siri hiyo, naye aligawa soda kwa uso mkavu, ungedhani yuko matangani.

Boaz aliingia akiwa ndani ya suti, akapewa kiti kizuri kuliko vyote, akaomba dua ndefu. Ni yeye. Kidole cha Mbula kilikuwa tayari juu ya simu pale mzee Kimanzi, jirani wa zamani, alipouliza habari za mtoto wao Mbula. Mbona kimya? Kila Jumapili yeye humtaja katika maombi, akasema.

Boaz akatabasamu.

"Mzee, Mbula ako sawa kabisa. Juzi tu alinipigia, wamemfanya supavaiza. Anawasalimia sana, ni vile tu kazi imembana."

Chumba kizima kilipiga makofi. Kimanzi alifuta macho kwa kiganja, akamshukuru Mungu. Mbula alimtazama mzee yule, na hofu yake yote ikageuka hasira tamu, hasira yenye mbawa. Kumbe walimkumbuka yeye, si michango yao. Akaisahau simu. Akavuta pazia.

"Salamu zangu ninazo mwenyewe, Boaz," alisema. "Sijakutuma."

Sahani ya mtu ilianguka. Boaz aliinuka, lakini nyumba za Lindi zina mlango mmoja, na mlangoni alikuwa Filister. Wale wageni wawili wakamshika, huyu mkono huu na huyu mkono ule. Mbula akamnyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema ndiye, na kwamba atalisema hilo hata mahakamani. Raha aliyoisikia nusura imrushe juu. Kutoka kwenye mkoba wa Boaz pasipoti ya Kamene ilitolewa, na Kamene akalia kwa sauti, akimng'ang'ania Mbula kiunoni.

Walipokwisha kumtoa, watu walibaki wamesimama, pilau mikononi, wakimtazama Mbula. Nyimbo za kuaga walizijua zote. Ya kumpokea mtu aliyerudi hivi hakuna aliyekuwa nayo. Kimanzi akakohoa, akajaribu sauti moja ya wimbo, akaiacha, akajaribu nyingine. Hiyo Kavindu akaidaka.