Jibu la Mcheza Tenisi

Tangu Bashir ageuze ghala lake la pamba kuwa nyumba ya sinema, wanawake wa Busia walikuwa na alasiri yao, kila Jumatano, wanaume wote wakiwa nje. Picha nyingi zilikuja kwa Kiingereza, basi Bashir alimweka Ziada mbele na kipaza sauti awaeleze wenzake kinachosemwa. Ziada alikuwa mjane wa dereva. Kiingereza chake alikiokota Malaba, jikoni kwa bwana stesheni mmoja wa reli, zamani akiwa msichana. Kilikuwa Kiingereza cha kuitwa, kutumwa na kukemewa, na kwa sinema nyingi kilitosha. Pale kilipopungua alijaza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Wanaume walikuwa na jioni yao, na mwelezaji wao alikuwa Methuselah Bwire, mkalimani mstaafu wa korti. Methuselah angefasiri hata kikohozi cha shahidi. Ziada alikuwa akisema kwamba kumsikiliza mzee huyo akieleza mapenzi ni sawa na kusomewa mashtaka.

Picha ya tenisi iliwaudhi wanawake tangu mwanzo. Walizoea picha za Kihindi, ambamo mtu akipenda huimba na akiachwa hulia mpaka ukumbi mzima ukalia naye. Hii haikuwa na wimbo hata mmoja. Ilikuwa na mwanamke anayeitwa Jeni, mwenye sketi fupi nyeupe, anayelipwa azunguke miji ya Ulaya akipiga mpira kwa raketi juu ya wavu. Halafu kulikuwa na Robati, naye mcheza tenisi wa kulipwa, ambaye kila akishindwa alilaumu upepo, au jua, au Jeni.

"Sasa hawa watu wanagombania nini?" aliuliza Wilkister, muuza samaki wa Budalang'i, ambaye hakukosa Jumatano hata moja na hakunyamaza hata moja. "Mpira iko moja tu. Si mtu ashike aende nayo nyumbani?"

"Haushikwi, mama. Unapigwa," alisema Ziada kwenye kipaza sauti.

"Basi mimi shingo yangu imechoka. Huku, huku, huku. Na huyu dada, kwani kitambaa iliisha dukani?"

Walicheka, wakaendelea kunung'unika. Lakini Jeni aliwaingia polepole. Walipomwona amepangwa kucheza upande mmoja na Robati, na Robati akampiga mpira wa mgongo kisha akamkemea yeye, waliguna kwa pamoja. Walipotumbukia wote wawili kwenye bwawa la hoteli na nguo zao, walicheka mpaka mafundo ya leso yakalegea. Na Jeni alipoanza kuwashinda wenzake mmoja baada ya mwingine, hata Wilkister aliacha kuuliza mpira ni wa nani.

Ndipo ukaja mwisho. Jeni alishinda fainali, watu wakasimama kumpigia makofi, na Robati, aliyekuwa ameshatolewa mapema, akaruka wavu akapiga goti mbele yake. Alimwambia waoane, na aache tenisi. Ziada alilifasiri hilo kama lilivyo, na ukumbi ukasonya.

"Amengoja ashinde ndio aje," alisema mtu nyuma.

"Hao ndio wao," alijibu mwingine.

Ilikuwa ni ujinga, kumkasirikia mwanamume wa kwenye kitambaa cha sinema, lakini Ziada alimkasirikia. Jeni alirusha raketi yake hewani, akacheka, akasema. Ziada alimsikia vizuri kabisa: ndiyo, mpenzi wangu, naacha, nilikuwa nimechoka siku nyingi. Hakukuwa na neno gumu hata moja pale. Lakini ulimi ulikuwa umeshamtangulia.

"Anasema: sawa, tutaoana, lakini utasubiri. Kwanza nimalize mashindano yangu. Na raketi anaitupa kwa sababu nyuzi zimelegea. Kesho atanunua nyingine."

Ghala lilijaa vigelegele. Walitoka wakisukumana kwa furaha, na Wilkister akatangaza mpaka kwenye kizuizi cha forodha kwamba hiyo ndiyo picha, hizo zingine ni makelele.

Jioni ileile Methuselah aliwaeleza wanaume kama alivyoapishwa zamani kueleza: mwanamke amekubali, ameacha tenisi, wameoana. Wanaume walirudi nyumbani wameridhika, na ugomvi ukaanza. Nyumba nyingi za Busia zilikesha zikibishana juu ya mzungu ambaye hakuna mtu angekutana naye. Kesho yake sokoni mume wa Wilkister alimwita mkewe mwongo mbele ya wateja, na Wilkister akamwambia kwamba yeye alisinzia. Fundi baiskeli mmoja alisema Jeni amefundishwa adabu. Mama mmoja muuza mihogo akamuuliza kama ameona adabu ikishinda kikombe. Waganda waliokuja sokoni walisimama kusikiliza na kuuliza picha itavuka lini kwenda upande wao.

Ziada angecheka kama wengine. Lakini siku ile Mama Chande aliingia uani kwake bila kubisha, akakaa mkekani, asiguse chai.

"Mwanao amemjibu mwanangu," alisema. "Amemwambia asubiri. Eti kwanza amalize chuo cha ualimu. Miaka miwili, Bi Ziada."

Ziada aliweka birika chini. Kadija, binti yake wa pekee, alikuwa amemaliza shule ya sekondari na amepata nafasi chuoni, hilo halikuwa siri. Lakini ndoa ilishakubaliwa baina ya mama na mama, ifungwe kabla ya Ramadhani, na chuo kingeonekana baadaye, yaani kisingeonekana. Ziada aliitaka ndoa hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Chande alikuwa na lori lake mwenyewe la kubeba pamba na mahindi kutoka Bumala mpaka Malaba, hakunywa, na alimwamkia Ziada kwa heshima hata akiwa ameinama chini ya injini. Ziada alikuwa amelea mtoto peke yake katika vyumba vya kupanga. Alichoka kufikiria kwamba siku akifumba macho, Kadija atabaki na nani.

"Nani amemfundisha hayo?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Mji mzima unajua. Amejibu vilevile kama yule mcheza mpira wako. Na Mzee Methuselah anasema yule hakusema hivyo kabisa."

Ziada hakuwa na pa kukimbilia. Akikiri kwamba alizua, wanawake hawatamwamini tena, na Bashir hana kazi na mwelezaji asiyeaminiwa. Akisimamia uzushi wake, posa inavunjika kwa mdomo wake mwenyewe. Alimkasirikia Robati, alimkasirikia Mama Chande, na zaidi alimkasirikia Kadija. Msichana aliyesoma vile anakwenda kuchukua maisha kwenye sinema kama mtoto anayeokota peremende njiani.

Bashir ndiye aliyekata shauri. Ugomvi ulikuwa umemletea wateja, na wanawake walitaka kuiona tena picha ile, basi aliibakiza mpaka Jumatano iliyofuata.

"Lakini safari hii, Bi Ziada, sema inavyosema," alimwambia. "Waume zao wananijia hapa. Ukizua tena, nitamweka Mzee Methuselah nyuma ya pazia awaelezee na wanawake."

Methuselah mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye benchi na kofia yake gotini. "Mimi sina ubaya na wewe, mama," alisema. "Lakini wewe hukutafsiri. Wewe ulitoa hukumu."

"Na wewe mzee, hayo maelezo yako umewahi kuyatia chumvi hata kidogo?" Ziada alimjibu, akaondoka.

Jumatano ilipofika alimkuta Kadija akipiga pasi, makaa yakinuka chumba kizima. Tangu amjibu Chande, msichana alikuwa mwepesi, akiimba chini kwa chini, akimletea mama yake maji ya kuoga kabla hajaambiwa. Hilo nalo lilimuudhi Ziada. Alitegemea mabishano, na mabishano hayakuja.

"Sinema ni sinema," alisema. "Watu wanalipwa watuchekeshe. Mtu hachukui akili pale."

"Najua, mama."

"Leo pumzika nyumbani."

"Nitakuja," alisema Kadija, akageuza blauzi. "Nataka nikusikie."

Ziada akajisemea, vizuri, aje asikie kwa masikio yake, mambo yaishe.

Ghala lilijaa mpaka wengine wakakaa chini na watoto wao. Kadija alikuwa mstari wa mbele, karibu na Wilkister. Mama Chande, ambaye hakuwahi kuingia sinema maishani, alikaa pembeni na buibui lake, amenyooka. Picha ilianza, na safari hii wanawake walikuwa wataalamu. Walimwambia Jeni mapema mpira utatokea wapi. Walimzomea Robati kabla hajafanya lolote. Ziada alieleza kwa sauti kavu, neno kwa neno, akijichukia kwa jinsi alivyofanana na Methuselah.

Robati aliruka wavu. Alipiga goti. Ukumbi mzima ulimngojea Ziada, na Ziada alimwona Kadija ameinua uso, hatazami kitambaa, anamtazama yeye.

"Anasema ndiyo," alisema Ziada. "Anasema ameacha tenisi. Anasema alikuwa amechoka nayo siku nyingi."

Mashine iliendelea kukoroma peke yake.

"Uongo," alisema Wilkister, akasimama. "Bi Ziada, juzi alisema asubiri. Mtu ni yuleyule, mdomo ni uleule. Leo amebadilisha namna gani?"

"Ndivyo anavyosema, mama. Juzi nilikosea."

"Hukukosea. Wamekupatia nini?"

Wengine walidakia. Mmoja alisema ameogopa waume za watu. Mwingine akasema kama ni kusikia uongo wa wanaume, si wangekaa nyumbani wakausikia bure. Ziada alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa amesema kweli, kweli tupu, ile aliyokuwa akidaiwa tangu wiki iliyopita, na hakuna mwanamke hata mmoja mle ndani aliyemshukuru isipokuwa Mama Chande, aliyeitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyelipwa haki yake. Wilkister alichukua kikapu chake akatoka picha haijazimwa.

Kadija alimngoja mama yake mlangoni. Walishika njia ya nyumbani, wakapita kando ya malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka. Ziada alikuwa bado anafoka.

"Wajinga wakubwa. Kweli hawaitaki, uongo wanaupigia vigelegele. Na wewe umesikia sasa? Umesikia yule mwanamke alisema nini?"

"Nilimsikia siku ile ya kwanza, mama."

"Ulinisikia mimi siku ile."

"Niliwasikia wote wawili," alisema Kadija. "Miaka yote ile shuleni nilikuwa nasoma nini? Amesema ndiyo, anaacha, amechoka. Si maneno magumu."

Ziada alisimama. Utingo wa lori moja aliwapigia mluzi, hakuna aliyegeuka.

"Ulijua? Sasa Chande ulimjibu vile kwa nini?"

Kadija alitazama chini, akiichora njia kwa kidole cha mguu kama alivyofanya alipokuwa mdogo akitafuta pa kuanzia.

"Kwa sababu nilijua na wewe umemsikia vizuri, na bado ukasema lingine. Mbele ya watu wote, na mimi nimekaa pale mbele. Nilidhani unaniambia mimi." Aliinua macho. "Nyumbani hungeweza, Mama Chande haishi kuingia na kutoka. Nikasema, kumbe mama yuko upande wangu, ametafuta tu mahali pa kusemea. Ndiyo maana nikapata nguvu ya kumjibu."

"Kadija."

"Na leo nimekuja nisikie kama nilisikia sawa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo Ziada hakuweza kulivumilia. "Nimesikia. Mwambie Mama Chande achague siku. Chande si mtu mbaya."

Akatangulia kwenda, mgongo wake umenyooka, akiwapisha wapagazi na magunia yao.

Basi Ziada alikuwa amepata alichokitaka. Ndoa ilikuwepo, kazi ilikuwepo, na Mama Chande pengine alikuwa njiani kwenda kununua vitambaa. Alisimama kando ya foleni ya malori akiyatafuta maneno yaleyale ya Jumatano ya kwanza, yaliyomtoka yenyewe ghala likiwa limejaa watu: utasubiri, kwanza nimalize. Sasa yalihitaji kusemwa kwa mtu mmoja tu, bila kipaza sauti, na baada yake angelazimika kwenda kukaa kwenye mkeka wa Mama Chande na kuyameza maneno yake mwenyewe yote, na kupanga vyumba mpaka uzeeni akimtegemea Mungu.

"Kadija," aliita.

Msichana aligeuka upesi, upesi mno. "Labeka, mama."

Alikuwa anangoja. Ziada alifungua mdomo.

"Nunua mafuta ya taa ukipita dukani," alisema.