Mzunguko Mmoja Tu

Wafula hakuwa ameingia hotelini kwa Annah. Hilo alitaka lieleweke. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mwingine nje, na mwavuli wa kijani wa mke wake ulikuwa mkononi. Mtu wa namna hiyo ni mpita njia, si mteja. Triza alikuwa amemtuma steji ya mabasi ya Machakos, hapo Nairobi, akampokee mama yake anayetoka Bungoma, na njia ya kutoka Ziwani inapita hapo Majengo, mbele ya runinga ya Annah. Sasa kosa la nani?

Tena ilikuwa Jumapili ya mbio za magari ya langalanga, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha huko kwenye mashindano.

Huyo mama mkwe si mtu wa mchezo. Wafula alichelewa harusi yake mwenyewe kwa kutazama magari, na mama hajasahau. Safari hii alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, na alituma neno mapema: nikishuka nisimkute mtu, nageuza na basi la jioni, huyo mtoto nitamwona akianza shule. Triza alipolisikia alilia, maana anamjua mama yake.

"Yule wa gari jekundu ameingia kubadilisha tairi," Wafula alisema pale mlangoni. "Huyu wa bluu anangoja nini?"

"Anaongoza," akajibu Mzee Ndete, dereva mstaafu wa malori, ambaye kila Jumapili hukalia benchi la mbele. "Anayeongoza haachi barabara kwa manyunyu. Mimi nimeteremka Kibwezi na tairi vipara, mvua ya mawe, gari limejaa saruji, na sikusimama."

"Ndiyo maana wakakustaafisha mapema."

Simu ikalia. Triza alitaka kujua kama amefika. "Niko njiani," Wafula akasema, na hakudanganya sana, kwani njia ilikuwa pale pale chini ya mguu wake wa kushoto. Kisha akamwambia Annah, ambaye hakuwa amemwuliza kitu, "Mzunguko mmoja tu, niende."

Mvua ya Nairobi nayo ikafika. Ilipiga mabati kwa hasira hata mtangazaji hakusikika, na Wafula akalazimika kuingiza na mguu wa pili. Mzunguko mmoja ukazaa mwingine. Yule wa bluu bado alikuwa anaongoza na tairi zake za kiangazi, akirusha maji huku na huku, na Ndete akawa anatabasamu kama baba wa bwana harusi.

Kwenye kona gari likaserereka. Likazunguka kama pia, likaacha barabara na kuzama kwenye kokoto.

Wafula akapanda juu ya benchi, mgongo ameupa mlango.

"Nilisema, sikusema? Mtu mkaidi huyo. Ameambiwa kwa redio, mvua ameiona kwa macho yake, wenzake wameingia wote, yeye anasema mzunguko mmoja tu. Mtu kama huyo utamwachia hata baiskeli?"

"Hamjambo humu?" ikasema sauti mlangoni. "Naomba kujikinga. Steji imejaa maji, na basi langu la kurudi ni la jioni."

Wafula aliijua sauti hiyo: mama mkwe. Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, wala hawaketi chumba kimoja. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa katikati. Na hoteli ya Annah ina mlango mmoja. Akashuka taratibu, akasogea pembeni, akaufungua mwavuli humo humo ndani na kujificha nyuma yake.

"Huyo naye anavujiwa?" mama akamwuliza Annah. Alikuwa amelowa chapachapa, mfuko wa plastiki kichwani, kuku kwapani, gunia miguuni.

"Huyo ni mtaalamu wetu," Ndete akasema kwa uchungu wa kushindwa. "Anajua makosa ya madereva wote."

Simu ikalia tena. Wafula akaibonyeza ili aizime, na kwa haraka yake akaiweka kwenye spika. "Wafula," sauti ya Triza ikajaa chumba, "mama yuko wapi?"

Mama mkwe akaugeukia mwavuli.

"Binti," akamwambia Annah polepole, "mwulize huyo mtaalamu, gari likishateleza, dereva hufanya nini?"

Aibu ilimchoma Wafula mpaka kwenye nyayo. Kwenye runinga, yule wa bluu alikuwa akitembea kwenye mvua, kofia mkononi. "Mwambie Mama," akasema nyuma ya mwavuli, "hushuka akatembea kwa miguu."

"Basi atembee. Mwavuli auache."

Akaupitisha mwavuli kwa Annah, akajitwisha gunia la mama, akapokea kuku kupitia kwa Ndete, akapita mlangoni macho chini. Yeye mbele akinyeshewa, Ndete katikati, mama nyuma chini ya mwavuli wa kijani. Wakafika pale njia zinapogawana, moja ya kurudi steji, nyingine ya Ziwani. Wafula akashika ya Ziwani. Kugeuka kutazama hakuruhusiwa, na kuuliza aliogopa. Alisikia mvua tu. Akamwona Triza moyoni, amesimama mlangoni na mtoto, akamwomba Mungu.

"Mzee," sauti ya mama ikasema nyuma, "mwulize huyo dereva, mtoto amelala au yuko macho?"

"Mwambie yuko macho," Wafula akasema, na maji ya uso wake hayakuwa ya mvua yote. "Anamngoja."

"Basi mwambie akanyage mafuta."